Chumvi ya Ng'ombe

Ulipomwambia Constance kwamba Juru, kambi ya wakimbizi, si mahali pa kufuga kamba, alikucheka. Alizaliwa Fizi, nchini kwao, kando ya ziwa. Nani angemfundisha habari za maji? Mumewe, Appolinaire, alijaribu. Alisema shamba walilopewa kambini ni moja tu, na maharage hata yakikosa mvua, majani yake yanapikwa. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Aliyemtia moto ni Mahmood, muuza samaki wa Mbarara. Hoteli za mjini, alisema, zinalilia kamba wabichi, wale wa baharini wenye masharubu. Constance achimbe bwawa na kulitandika turubai. Yeye ataleta vitoto vya kamba, na wakikua atawanunua wote. Maji yatiwe chumvi, yafanane na ya bahari. Constance akang'oa maharage.

Juru chumvi inauzwa kwa vipakiti vya jikoni. Akakumbuka Bwizibwera, kwenye biashara ya maziwa, ambako wafugaji hununua chumvi ya ng'ombe kwa mifuko. Ng'ombe wanairamba na kunenepa, maziwa yanafurika, itamdhuruje kamba? Nani asingefikiri hivyo? Akaileta, akaikoroga mwenyewe huku akiimba nyimbo za kanisani.

Vitoto vya kamba vilitiwa bwawani asubuhi. Jua lilipofika utosini vilikuwa vinaelea kiubavu, vyeupe. Mahmood akauliza ametia chumvi gani, akaonyeshwa mfuko.

"Mama, hii ya ng'ombe iko na shaba ndani," akasema. "Ng'ombe inasaidia. Kamba inaua."

Akapanda pikipiki yake, na Juru hakuonekana tena.

Hasira hasara. Constance alishika jembe akalipasua lile turubai, na maji yote yakamwagikia shambani. Mvua ziliporudi alipanda maharage. Yakachomoza, yakageuka manjano, yakaungua. Akajaribu mahindi, hayo hata kuchomoza yalikataa. Shamba lilikuwa limekunywa chumvi. Ofisini wakamwambia mkimbizi hapewi shamba mara mbili.

Appolinaire hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Siku hizi anakwenda Kabingo kulimia watu. Jioni moja alirudi akamkuta mkewe amekaa kwenye tuta tupu, analia. Akamuuliza kwa nini, mbona hata Fizi, wenye bunduki walipochoma shamba lao, hakulia hivi.

"Kule nilikuwa na batu ba kulaani," Constance akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Hapa nitalaani nani?"