Vijiko Vinne vya Chuma

Saa moja asubuhi, kabla hajamgusa mgonjwa yeyote, muuguzi huyu anachemsha vijiko vinne vya chuma. Anavifuta na kuvipanga juu ya kitambaa cheupe.

"Mama Vijiko, leo unatupikia nini?" daktari wa zamu anamtania.

"Nakupikia wewe, mwanangu. Kaa foleni," anajibu bila kugeuka.

Amehudumia wagonjwa mahututi miaka kumi na tisa. Wengi hawawezi kumeza, kwa hiyo huwapondea vidonge, akavikoroga na maji na kuvipitisha kwenye mpira unaoingia puani hadi tumboni. Zamani alikorogea vijiti vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Vilionekana safi. Hakuna aliyejali kwamba boksi la vijiti hivyo lilikaa stoo, chini ya dari linalovuja.

Mwaka jana, ndani ya wiki tatu, wagonjwa watano walianza kutoa damu nyeusi kwenye mipira yao. Ukungu ulikuwa umeota tumboni. Ni ugonjwa wa nadra. Mwenye afya haumsumbui, lakini mahututi humla angali hai. Walikufa wanne. Wa tatu alikuwa dada yake.

"Aliletwa na nimonia. Nikabadilishana zamu ili nimhudumie mwenyewe, sikutaka mkono mwingine umguse," anasema. "Nilimkorogea dawa mara nne kwa siku, siku kumi na moja."

Maabara ilikuta ukungu uleule kwenye vijiti. Vikachomwa kimyakimya. Familia zikaambiwa hali ilibadilika ghafla, na wauguzi wakaagizwa kufunga midomo.

Kinachomkondesha si agizo hilo. Ni mama yake.

"Kila Jumapili nikienda, anawaambia majirani, 'Huyu ndiye aliyemuuguza mwenzake mpaka mwisho.' Halafu anaushika mkono huu, anaubusu." Anautazama. "Na mimi nakunywa chai."

Alikubali kuzungumza na gazeti hili kwa sharti moja: habari isitoke kabla ya Jumapili.

"Wale wengine waliofiwa watasoma hapa, maana hospitali haitawaambia. Mama hasomi, atasomewa na majirani. Asisikie kwa majirani, nitamwambia mwenyewe Jumapili."

Na mama yake akimfukuza?

"Nitakaa kizingitini hadi achoke." Anakiinua kijiko cha kwanza, anakitazama kwenye mwanga. "Ila mama yangu namjua. Hachoki upesi."