Walinifukuza kwa Maneno ya Nusukaputi, Sasa Nina ya Shemeji kwa Simu

Admin, nifichie jina. Mimi ni mjane wa miaka 43, mama wa watatu, niliolewa upande wa Ekero.

Miwa ilipokuwa na bei tamu, trela zimepanga foleni hadi barabarani, mama mkwe alianguka akavunjika nyonga. Akapasuliwa kwa nusukaputi. Alipoamka alininyooshea kidole: "Huyu ndiye aliua mume wake." Mume wangu alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa figo, na tulimuuguza pamoja na mama huyo huyo.

Shemeji, ndugu ya mume wangu, akadakia pale pale kitandani: "Mtu wa nusukaputi ametoka kwa wafu. Hadanganyangi." Ukoo ukaamini. Wiki haikuisha, nguo zangu zilikuwa nje, na miwa niliyopanda kwa mikono yangu akaichukua shemeji. Akili za mama ziliporudi hakukumbuka neno. Alilia, lakini nani alimsikiliza?

Nikapata kazi ya usafi hospitalini Kakamega. Muuguzi mmoja akanieleza kwamba wazee wengi huchanganyikiwa siku kadhaa baada ya upasuaji, wanaongea ovyo, kisha inapita. Nilichemka! Miaka minne naitwa muuaji kwa sababu ya dawa. Nilienda kuwaambia wazee wa ukoo, wakanicheka.

Wiki jana akaletwa shemeji, ana ngiri. Daktari alitaka kumpiga ganzi ya mgongo abaki macho. Mwanaume mzima akaogopa sindano: "Mimi mnilaze kabisa." Nilikuwa napiga deki alipoanza kuzinduka, akapayuka: "Ndugu yangu nisamehe, ni mimi nilikuua!" Nikatoa simu, akarudia, nikarekodi. Muuguzi akasema, "Dawa haijamtoka, mama. Usiskize."

Najua hakuua mtu. Lakini Jumamosi ukoo unakaa kumkabidhi shamba langu, na ni wale wale walioamini. Nataka wasikie. Nataka nguo zake zitupwe nje nikiwa nimesimama pale pale zilipotupwa zangu. Nimemchukia, sitadanganya.

Jana nilienda kumwona mama mkwe nikamwekea asikie, nikidhani atafurahi. Alinishika mkono, akasema: "Mwana wangu, mimi nilikufukuzisha bila kujua. Wewe utamfukuzisha ukijua."

Jumamosi ni keshokutwa na rekodi ninayo kwa simu. Niambieni ndugu zangu, niwawekee wasikie au niifute?