Joto la Kazi

Yeremia wa Mkunya alishika usukani tangu ujana wake. Shule hakuiona. Namba alizijua kwa kusoma vibao vya barabarani. Katika maisha hayo yote hakuna kitu kilichomchosha roho kama zile geji mbili za Mudathiri.

Mudathiri alikuwa mnunuzi wa korosho pale Masasi. Ruhusa ya watu binafsi kununua ilipotoka tu, naye akaingia, akajinunulia pikapu ya mtumba kutoka Japani. Injini ya kwanza ikamfia mlimani, kwenye ile barabara ya kupandia Newala. Akafunga nyingine, na mbele ya usukani akaweka geji mbili, moja ya joto la oili ya injini, moja ya joto la oili ya giaboksi. Fundi alimwambia atazame mishale. Hakumwambia mshale ukae wapi. Mudathiri akajichagulia namba mwenyewe: tisini.

Siku hiyo Yeremia alikuwa akimwendeshea, wakapanda mlima na madumu ya maji. Yalikuwa ya Yeremia. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Dorika, mkewe. Mabomba ya Mkunya, kijijini kwake huko juu, yalikuwa makavu, na kisima kiko huko bondeni. Dorika alishuka bonde lile na ndoo tangu alipoolewa mpaka miguu ikamkataa. Yeremia aliapa kaburini kwamba kwa arobaini yake hakuna mwanamke atakayeshuka kufuata maji. Ndiyo maana akayajaza Masasi.

Kona ya kwanza ya mlima, Mudathiri akaruka kitini.

"Simama, Baba Salome! Tisini!"

"Ndipo pake hapo."

"Pake? Maji mia yanachemka! Wewe mwenyewe ukifika arobaini unalazwa!"

"Mimi si oili."

"Simama, nakwambia. Gari langu lina homa."

Gari ni lake. Yeremia akasimama. Mudathiri akashuka, akafungua dumu, akainama chini ya gari, akaimwagia giaboksi. Chuma kikalia chwaa. Maji yakatiririka kwenye udongo mwekundu, mchwa wakayafaidi.

"Hayo maji ya arobaini," Yeremia alisema.

"Nitakufidia."

"Kwa maji gani?"

Wakapanda. Kona ya pili, tisini. Dumu. Kona iliyofuata, tisini na tano. Madumu mawili, maana Mudathiri sasa alitaka kuiogesha injini pia. Yeremia alikaa ndani, mikono juu ya usukani, akasaga meno yaliyobaki.

Upande ule alipokuwa akirukaruka Mudathiri ulikuwa na mwenyewe. Enzi Yeremia alipoendesha lori la ushirika, Dorika alikaa upande huo akienda kuuza muhogo mkavu. Asubuhi hakumruhusu aondoke upesi. "Ngoja mafuta yashike moto," alikuwa akisema. "Nani anakaanga samaki kwenye mafuta baridi?" Mlimani lori likinguruma, Yeremia akianza kuogopa, yeye alinusa tu. "Bado. Mtu akilima juani anachemka. Utamwita mgonjwa? Hilo joto la kazi. Yakianza kuungua nitakwambia."

Na alimwambia kweli, siku zilipotokea. Pua ile haikukosea.

Kona ya nne, Mudathiri akashika mlango.

"Mia! Baba Salome, mia!"

Yeremia hakusimama.

"Mia!"

"Nimesikia. Oili ya injini kwa tisini, kwa mia, mpaka mia na kumi mlimani, inafanya kazi yake. Ya gia iko themanini, tisini, haina neno. Ikivuka mia na ishirini nitasimama bila kuambiwa. Dumu ukiligusa tena, nashuka na yaliyobaki, nakwenda kwa miguu."

Mudathiri akaikodolea macho geji kama mtu anayetazama nyoka.

Karibu na kileleni mshale wa gia ukaja juu kweli. Mia na kumi, na kumi na tano, ukazidi. Yeremia akanusa. Harufu ya mafuta yanayoungua. Akasogea pembeni, akatoa gia, injini akaiacha ikinguruma polepole.

"Maji?" Mudathiri aliuliza, mkono tayari.

"Kaa. Chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinapasuka kama chungu."

Wakakaa. Upepo ukapita chini ya gari. Mshale ukarudi kidogo kidogo, wenyewe.

"Kumbe unashuka," Mudathiri alisema.

Yeremia akatia gia, wakaondoka.

Mkunya, binti yake Salome alitoka kuwapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akanyanyua dumu. Likaja jepesi mno, nusura limwangushe. Akajaribu la pili. "Baba, haya matupu."

"Giaboksi imekunywa. Yaliyobaki hayatutoshi."

Salome akatazama wanawake waliokuja kusaidia kupika. Akainama kuchukua ndoo.

"Weka," Yeremia alisema.

Akaitwaa yeye. Nyingine akamtwika Mudathiri. Wanawake wakaangua kicheko.

"Jamani, mnunuzi wa korosho anakwenda kuchota maji!"

"Mpeni kata ya kichwani, asichubuke utosi!"

Walishuka bondeni, wakajaza. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Njia ilisimama kama ukuta. Maji yakamwagikia Yeremia shingoni. Dorika alipita hapa kila siku ya Mungu, tena na mtoto mgongoni, naye akifika nyumbani alikuwa akiuliza mbona chai imechelewa.

Nyuma yake Mudathiri alihema kama mvukuto.

"Baba Salome. Tusimame. Nachemka."

Yeremia akageuka taratibu, ndoo kichwani. Akanyoosha mkono, akamgusa kijana paji la uso. Akaunusa mkono wake.

"Bado," alisema. "Joto la kazi. Panda."