Mmelowa Nyie

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa utani wa mama anayeanika dagaa ufukweni, kule Kapalamsenga. "Wahi, baba. Upepo ukianza njia inafunikwa, utalala na kenge."

Njia yenyewe ni ukanda wa mchanga unaojitokeza kiangazi na kukiunganisha kisiwa kidogo cha mawe na nchi kavu. Kila mwaka mimi na mke wangu tulivuka, tukapanda hadi kileleni. Safari hii nilikwenda peke yangu, kumwambia kwaheri. Siku ya mazishi nilishindwa.

Kileleni hapakuwa na ndege wala upepo. Nilisimama kando ya jiwe alilozoea kukalia, nikafungua mdomo. Neno lililotoka ni lile nililomwambia miaka yote jua likishuka: "Haya, twende."

Nilirudi upepo umeshaanza, maji yakiwa magotini. Nyuma yangu niliyasikia yakikatwa polepole, kama na mtu aliyeinua kitenge. Sikugeuka.

Mama wa dagaa alinyanyua uso. "Poleni! Mmelowa nyie!"

Msomaji atasema huku kwetu wengi humsemesha mtu mzima kwa wingi, kwa heshima. Nami nilijiambia hivyo, ingawa mchana uleule aliniambia "utalala". Sarufi hufariji, ukiitumia nusu.

Asubuhi yake nilipita palepale makusudi.

"Umeamkaje, baba?" alisema. Kwa umoja.

Nilivua viatu, nikavuka tena.