Maua Niliyomletea Mama

Kashata, paka wa mama, kafa leo asubuhi. Na aliyemuua ni mimi.

Hotelini nnakofanyia kazi walikuwa wanakitupa chungu cha maua ya mayungiyungi. Nikakichukua, nikampelekea mama nyumbani, Michenzani. Alifurahi huyo!

Juzi Kashata akaanza kutapika. Mama akadhani kala panya mwenye sumu, akamnywesha maziwa. Si ndiyo dawa yetu ya sumu?

Leo daktari wa mifugo kaniita pembeni.
"Nyumbani muna mayungiyungi?"
Nikakumbuka majani ya yale maua, yaliyotafunwa.
"Kwa paka yale ni sumu," akanambia.

Mama hajui. Analia kwamba alichelewa kumpa maziwa. Jamani, nnamwambiaje?

Sasa hivi yuko barazani, anayamwagilia maji yale maua.
"Umeniletea wewe, mwanangu. Yasije yakafa na haya."