Leseni ya Televisheni na Saini ya Bi Zuwena

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka uso huniwaka, ingawa miaka imepita mingi na wengi walioishuhudia wamekwishatangulia mbele ya haki. Nataka nikuhadithie leo, maana nimesikia umehamia kwako, umetundika televisheni kubwa ukutani, na unauliza watu kama leseni yake, ile ada ya kila mwaka ya kuangalia matangazo, ni lazima, nawe huangalii chochote ila tamthilia za mtandaoni. Jibu ninalo, na nitakupa. Lakini kaa kwanza, chai bado ya moto.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimetoka Unguja kuja kukaa kwa kaka yangu hapa Uingereza, mtaa huu huu wa Small Heath. Nilikuwa nikijifunza kupiga chapa, na Kiingereza changu cha shule kilinipa kiburi, Mungu anisamehe. Wakati ule watu wa kwetu tulikuwa wa kuhesabika. Ukisikia mtu anasema Kiswahili kwenye basi la Coventry Road, unashuka kituo chake ukamsalimie, hata kama chako bado.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Bi Zuwena. Mjane, mnene kidogo, mpole, sauti yake ndogo lakini akisema watu hunyamaza. Wanawe walikuwa Maskati. Yeye ndiye aliyekuwa akiwekewa amana na kuamua magomvi ya wake na waume. Watu walisema, "Twende kwa Bi Zuwena," na huko neno lilikuwa limekwisha. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu: bei, asante, na kesho. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua zake na kumwandikia majibu.

Wanawe walimnunulia televisheni na deki ya video, wakawa wanamletea kanda za harusi za huko Maskati. Basi kila alasiri tulikuwa tunakaa chini kwenye busati, wanawake watano sita, tunaangalia harusi za watu tusiowajua, tunawasema nguo zao na kupika kwao kana kwamba ni jirani zetu. Siku hizi kila mtu ana kioo chake kiganjani, anacheka peke yake. Sisi tulikuwa na kioo kimoja, na kicheko kilikuwa cha nyumba nzima. Ninayakumbuka mapaja ya wenzangu yaliyobanana na yangu kwenye busati lile kuliko ninavyozikumbuka harusi zenyewe.

Siku moja ikaja barua ya kumkumbusha kulipia leseni. Nikaisoma, nikajiona mjuzi. Nikamwambia, "Bi Zuwena, wewe huangalii matangazo yao, unaangalia kanda tu. Mtu wa kanda tupu halazimiki. Nitawaandikia."

Na hilo, mwanangu, lilikuwa kweli. Nikaichomoa antena, nikaitia chini ya ngazi. Nikaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba mwenye nyumba hii hapokei matangazo yoyote, hatayapokea, na akibadilisha atatoa habari. Nikampa kalamu.

Akaniuliza, "Umeandika yaliyo kweli?"

"Ya kweli matupu, Bi Zuwena."

Akatia saini yake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kama mtu anayetarizi kofia.

Miezi ikapita. Kikaingia kiangazi, na pale chuoni nikasikia wenzangu wanasema kwamba Jumamosi televisheni itaonesha mashindano ya mbio ndefu, na wamo wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Mwanangu, wewe umezaliwa hapa na watu wa sura yako unawaona kila ukibonyeza. Huwezi kujua njaa tuliyokuwa nayo sisi ya kuona uso mmoja tu wa kwetu kwenye kile kioo. Kaka yangu hakuwa na televisheni. Nikaenda kwa Bi Zuwena mapema, nikaitoa antena chini ya ngazi na kuichomeka yeye akiwa jikoni anachoma mkate wa kumimina. Nilijiambia ni siku moja tu. Hakuna dhambi inayobisha hodi kwa jina lake, zote husema, "Mimi ni siku moja tu."

Wanawake wakaja, mbio zikaanza. Bi Zuwena akakaa, akatazama, akaniuliza, "Kanda gani hii, Asya?"

"Mpya, Bi Zuwena. Kaka kaazima."

Alimwamini kaka yangu, akaniamini na mimi. Alipomwona kijana mwembamba wa kwetu anakimbia mbele ya wote, akapiga vigelegele mpaka ushungi ukamteremka.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti limelowa mvua, adabu zake nzuri. Alisema anatoka ofisi ya leseni, anathibitisha tu ile barua ya mwenye nyumba. Mimi nimesimama mlangoni kutafsiri. Nikamwambia Bi Zuwena kwa Kiswahili, "Si lazima aingie, Bi Zuwena. Tunaweza kumjibu hapa hapa."

Akanishangaa. "Mtu kaja mlangoni kwangu na mvua hii nimwache nje? Mwambie apite. Aje azione mwenyewe kanda zangu."

Na yule bwana akapita. Bi Zuwena akamfungulia kabati kwa furaha, akamwonesha kanda zake zimepangwa kwa mstari. Bwana akatazama kanda, akatazama deki iliyokuwa imezimwa, kisha akatazama kioo, ambako wakimbiaji walikuwa wanaingia mzunguko wa mwisho. Akaniuliza taratibu kwa Kiingereza, "Na hii ni kanda gani?"

Bi Zuwena akasema, "Anauliza nini?"

"Anauliza hii ni kanda gani."

"Si ile mpya? Mwambie kaka yako kaazima."

Mwanangu, nilifungua mdomo na Kiingereza changu chote kikaniruka. Bi Zuwena akanitazama. Akautazama waya uliotoka nyuma ya televisheni mpaka dirishani. Sikumwona akikasirika. Nilimwona akielewa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa waya ule.

Yule bwana akaandika yake. Akauliza nani mwenye nyumba, na Bi Zuwena, kwa Kiingereza chake kile kile cha dukani, akajigusa kifua akasema, "Mimi." Wenzetu kwenye busati hawakujua Kiingereza, hawakufahamu kilichopita. Walichokiona ni kwamba Bi Zuwena kaandikwa.

Barua ya mahakama ilipokuja, aliniita nimwandikie jibu. Nilidhani atasema, andika kwamba ni Asya. Akasema, "Andika: nyumba ni yangu, jina ni langu, kosa ni langu." Nami, Mungu ananiona, nikaandika. Faini ikatoka, wanawe wakailipa, ikawa imekwisha huko mahakamani. Kwa watu haikuisha.

Maana baada ya wiki chache ilikuwako harusi Hodge Hill. Nimebeba sinia la visheti, nikamsikia mama mmoja anamwambia bibi harusi, aliyetaka kumwekesha dhahabu zake Bi Zuwena, "Utampa huyo? Huyo hata serikali ya Waingereza kaidanganya kwa saini yake." Wakacheka. Bi Zuwena alikuwa karibu, alisikia. Akainamisha kichwa, akajifanya anatengeneza ushungi. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alichutama yeye, na aliyemvua ni mimi, nimesimama na sinia langu.

Sikulala. Kesho yake asubuhi nikaenda kwake, sikumaliza hata shikamoo, nikaangua kilio. Nikamwambia yote aliyokwishayajua. Akaniacha nikalia mpaka nikachoka. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau mpaka naingia kaburini:

"Asya, ile karatasi wewe ulijua maneno yaliyomo. Mimi nilikujua wewe tu. Sikutia saini Kiingereza, nilitia saini uso wako."

Nikasema, "Nisamehe, Bi Zuwena."

"Nilikusamehe siku ile ile. Lakini msamaha wangu haunirudishii jina."

Hakuniambia nifanye nini, na hilo ndilo lililoniuma. Ijumaa iliyofuata palikuwa na maulidi kwa yule yule mama wa harusini. Dua ilipokwisha, kabla ya kahawa, nikasimama. Nilikuwa mdogo kuliko wote mle ndani. Nikasema antena niliichomeka mimi, na Bi Zuwena hakujua, na nilipomwambia ni kanda nilimwongopea, na barua ya kukiri niliiandika mimi kwa mkono wangu huku nikijua kosa si lake. Kaka yangu hakusema nami mwezi mzima. Mama mmoja alisema mbele yangu kwamba msichana wa namna hii hapati mume wa maana. Nikayameza yote, maana mficha uchi hazai.

Yule mama mwenye nyumba akanyanyuka, akenda kumbusu Bi Zuwena mkono, akamwomba radhi. Tulipokuwa tunavaa viatu kutoka, Bi Zuwena akanishika bega. "Kesho njoo," akasema. "Ipo barua ya kusoma."

Mwanangu, nimesifiwa mengi katika umri wangu. Sijapata sifa iliyofika pale.

Sasa ngoja nikwambie ya juzi. Babu yenu, mume wangu, alipokuwa hai, televisheni ilikuwa yake. Habari za saa kumi na mbili jioni hazikuweza kumpita, na mpira ukianza hakuna wa kusema naye. Leseni ilikuwa kwa jina lake, kisha ikawa kwa jina langu. Alipofariki, nikaendelea kulipa kama mtu anayeendelea kupika chakula cha wawili. Mjukuu wangu Salma, yule anayekaa Northfield, akanitazama siku moja akasema, "Bibi, why? Wewe unastream tu, mtandaoni. Tamthilia zako za Dar, hotuba zako, basi. I'll cancel it."

Kabla sijajibu kama nataka ifutwe, simu yake ikawa imeshatoka. Akabonyeza, akabonyeza, akanielekezea fomu. "Done. Weka kidole tu hapa, ni wewe unayetamka."

Nikamwambia, "Nisomee. Kila mstari, kwa Kiswahili."

Maskini, Kiswahili chake kinachechemea, lakini alinisomea. Ilisema siangalii matangazo ya moja kwa moja, kwa chombo chochote, iwe televisheni, simu au kompyuta. Ilisema siutumii ule mtandao wa shirika la utangazaji la taifa wa kuangalia vipindi vyao, hata vilivyopita.

Nikamuuliza, "Na Jumamosi ukija na wenzako mkaangalia mpira unaochezwa saa ile ile, hapa kwangu, kwenye televisheni yangu?"

Akacheka. "Bibi, that's just streaming. Hakuna atakayejua."

"Unachezwa saa ile ile au haukuchezwa?"

Akaiangalia simu yake. "Unachezwa."

Basi nikamhadithia haya niliyokuhadithia. Akaiweka simu chini, na aliposema tena alisema kwa Kiswahili kitupu, jambo ambalo silioni kila siku. "Mpira nitaangalia kwa baba. Yeye analipa." Ndipo nikaibonyeza ile fomu kwa kidole changu mwenyewe. Nikatazama jina langu pale kwenye kioo, nikamkumbuka babu yenu na kelele zake za mpira. Nyumba ilikuwa nyamavu sana jioni ile. Salma hakuondoka. Alikaa, tukaangalia tamthilia mbili za Dar, akiniuliza kila neno asilolijua.

Basi, mwanangu, jibu lako hili hapa. Kama kweli huangalii ila tamthilia za mtandaoni unazozichagua mwenyewe kwa wakati wako, iache leseni, wala usione haya. Hukumwibia mtu, na kulipia usichokitumia si ucha Mungu. Lakini usiache kulipa kimya kimya ukawa unajificha nyuma ya pazia kila mlango ukigongwa. Waambie, tamka, kisha ishi kama ulivyotamka. Ukijua moyo wako hauwezi kukaa bila mpira wa moja kwa moja au habari za saa ile ile, au bila ule mtandao wa shirika la taifa, lipa, ulale. Ahadi ni deni hata ukiitoa kwa kubonyeza kidole. Na ukimjazia fomu mama yako, au jirani yako asiyejua lugha, ogopa mara mbili. Yule hasomi karatasi, anakusoma wewe. Ukikosea, maana mwanadamu hukosea, usisubiri mwenzio achutame kwa ajili yako. Simama useme ni mimi, uongo ungali mbichi, kabla haujaota mizizi.

Na siku moja moja, tafadhali, alika watu mkaangalie kitu pamoja, mbanane.

Mungu akujaalie neno lako litangulie kuaminiwa kabla hujafika mlangoni. Akupe nyumba isiyokosa wageni na moyo usiotetemeka wakibisha hodi. Na kila atakayekukabidhi jina lake, alikute salama. Amin, mwanangu, amin.