Wageni Walioinywa Dawa ya Koko

Harufu ya blakikaranti ikinipitia puani, naona midomo ya zambarau ya akina mama wa maombi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza kambini, tumetoka Bukavu, na baridi ya Juni ilimshika kifuani bibi yangu, tuliyemwita Koko. Alikohoa mpaka turubai likatikisika, na mama akaacha utani, jambo lililonitisha kuliko kikohozi chenyewe. Mjomba, fundi cherehani kule Lilongwe, akatuma chupa ya dawa: maji mazito yaliyokamuliwa kwenye blakikaranti, matunda madogo meusi ya Ulaya, ya kukoroga kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Ilinukia peremende na kanisa kwa pamoja.

Shida ni kwamba kwetu mgonjwa hutembelewa, na anayemtembelea haondoki na koo kavu. Majani ya chai hatukuwa nayo, sukari ndiyo kabisa. Basi Koko akaagiza wageni wakorogewe dawa. Wakanywa, wakaomba, wakasifu, na kesho yake wakaja na wenzao, maana habari njema haifichwi. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, akapona yeye. Nilipomnong'oneza Koko tuwape maji ya bomba, alinitazama kama nimemtukana mchungaji. "We mutoto, bageni bakunywe maji kama mbuzi? Mi nitakohoa tu. Aibu haina dawa."

Chupa ikaisha, mwenyewe hajaionja sawasawa, na kikohozi kikazidi. Mama Neema, mwenye sala ndefu na kikombe kikubwa, akauliza mbona mgonjwa hapewi dawa. Nikamjibu kwa heshima zote: "Dawa njo ile munakunywaka, mama." Amina ya siku ile ilikuwa fupi. Kesho yake walirudi na tangawizi, asali na makaa, wakapokezana kumchua Koko kifua na kumchemshia, hadi akaanza kupata usingizi. Mpaka leo anaisifu dawa ya zambarau.

Sasa tunaishi Chilinde, mtaa wa Lilongwe, nasoma sekondari, na chupa kama ile hukaa kabatini kwetu hadi inashika vumbi. Majirani ni watu wema, ila salamu zao ni neno moja la haraka la Kichewa, zikomo, juu ya ukuta. Juzi nilimkuta Koko, mzima kabisa, amefungua dirisha la barabarani, anakohoa kwa nguvu zote. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akaniambia ninyamaze, nikachemshe maji ya wageni.